Macho ya Simoni

Siku ile naikumbuka kwa harufu, mwanangu. Harufu ya dawa ya kupulizia kahawa iliingia wodini kabla mume wangu hajabebwa kuingizwa. Simoni alikuwa ameshinda shambani kwetu Mbozi na bomba mgongoni, upepo ukimrudishia dawa usoni, shati limelowa chapachapa, na hakulivua. Wanaume! Walipomleta, mate yalimchuruzika kama mtoto anayeota meno, jasho linamtoka, mboni zimesinyaa huzioni, na kifua kinakoroma kwa maji.

Mimi nilikuwa muuguzi wa wodi hiyohiyo, na bibi harusi wa juzijuzi tu. Nikakimbilia kitandani. Metroni wetu, Mama Mwazembe, akanishika mkono.

"Mumeo humuuguzi wewe. Kaa kando. Atupele, njoo hapa."

Atupele! Katika wauguzi wote, Atupele! Wewe hukumwona huyo binti wa Ikinga enzi zake. Sauti ya kwaya, kiuno chembamba, gauni jeupe limepigwa pasi mpaka unaogopa kulisogelea. Simoni mwenyewe aliwahi kumsifu mbele yangu, eti "yule dada anajua kuongea na watu." Nililimeza neno lile, lakini halikushuka.

Daktari akaagiza atropini, sindano baada ya sindano, mpaka kifua kikauke. Umeshafundishwa hayo chuoni: sumu ile hufungulia maji yote ya mwili, na atropini huyafunga. Muuguzi hukaa palepale, anasikiliza kifua, anashika mapigo, anaangalia dawa isije ikazidi. Niliyajua yote. Mtihani wa madawa nilimshinda Atupele, na hilo naomba lieleweke.

Kifua kikakauka. Unadhani nilitulia? Thubutu! Nilikuwa dirishani nakunja pamba, jicho langu kitandani. Nikamwona Simoni amefumbua macho, makubwa, yanang'aa, uso unawaka. Anatabasamu. Mkono ukainuka, ukashika kifungo cha gauni la Atupele, ukahamia cha pili, ukarudi cha kwanza. Kisha akasema, "Mke wangu, kaa hapa."

Jamani, damu ilinichemka. Macho yale mimi hakuwahi kunitazama nayo, hata siku ya harusi. Nikaitupa pamba. Nilipopita kitandani nilimshika Simoni mguu kwa hasira, nikamwona Atupele ananipungia mkono, nikamgeuzia mgongo. Moja kwa moja kwa metroni.

"Mtoe yule msichana," nikamwambia. "Ananichukulia mume mchana kweupe."

Mama Mwazembe hakupandisha sauti. "Umeona nini?"

"Simoni anamtazama kwa macho hayo!"

"Macho yakoje?"

"Makubwa, mboni tupu."

"Ngozi umeigusa?"

"Ya moto. Kavu kabisa."

"Na mikono?"

"Inachezea vifungo, hivi, kama mtu anayechuma kahawa…"

Hapo nikajisikia mwenyewe.

"Umekuja kunishtakia mwenzio," akasema, "na umenitajia dalili zote za dawa iliyozidi. Muuguzi mzima! Kimbia ukamwite daktari, au ujane unautaka?"

Nilikimbia, mwanangu, kiatu kimoja kikabaki koridoni. Daktari akaja, akasimamisha dawa, tukampoza mgonjwa kwa vitambaa vya maji. Atupele jasho linamtoka, amemshikilia asianguke kitandani. Akaniambia, "Dada, nilikupungia mkono uniitie daktari. Nisingeweza kumwachia. Mbona ulinipita?" Nikachovya kitambaa kingine, nikamshika Simoni upande wa pili.

Jioni mapigo yalitulia. Kesho yake Simoni alikuwa hakumbuki sana, ila kitu kimoja.

"Nilikuwa naona ukungu tu," akasema. "Nikaona mtu wa nguo nyeupe, nikajua ni wewe. Nikakuita. Mbona hukuitika?"

Nililia mpaka akaanza kunibembeleza yeye, mgonjwa.

Sasa keshokutwa unaanza kazi Tunduma, na mimi sikuambii usiwe na wivu. Ningekudanganya. Atupele bado hututembelea na mumewe, ni bibi mwenye wajukuu, na mimi bado nakiangalia kile kiuno kabla sijamwamkia. Wivu utakuja, uache ukae kwenye benchi usubiri. Ukiwa na gauni hilo jeupe, kwanza sema ulichokiona: macho, ngozi, mapigo, mikono. Uliza mgonjwa amepewa dawa gani, lini, kiasi gani. Moyo wako utausikiliza ukifika nyumbani. Na mwenzako akikupungia mkono, hata kama humpendi, hata kama ni mzuri kukushinda, nenda.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akulinde njiani na kazini. Akupe mume atakayekuita hata asipoona kitu, na akujalie wewe uwe karibu, umsikie, uitike.