Rejeta la Mashindano

Jicho la kushoto la mtani wangu halioni sawasawa mpaka leo, na aliyeliharibu ni mimi. Nasema mapema ili asije mtu akanionea huruma huko mbele. Mimi mwanamke nina mkono wa haraka tangu utotoni. Nimeshamzaba kofi kondakta. Nimeshamrushia mume wangu sufuria la wali, likiwa na wali wake. Siku moja pale Mapinga nilishuka garini nikamchapa dereva wa bodaboda kwa kandambili yangu kwa sababu alinikwaruzia bampa. Mama yangu husema hasira hasara. Namwitikia, ndiyo mama, halafu kesho yake narudia.

Huyo mtani ni fundi wa magari hapa Bagamoyo. Yeye Mnyamwezi, kwao Tabora, mimi Mzaramo, na utani baina yetu ulikuwepo kabla hatujazaliwa. Mimi namwita mpagazi, namuuliza nani kamtua mzigo. Yeye anasema Mzaramo akisikia ngoma huacha ugali motoni. Aliweza kunitukana mbele ya mama mkwe wangu nami nisinune, maana mtani hanuniwi wala hapigwi. Ukinuna unatozwa kuku.

Baba alipofariki, bwana huyu alilala chali mbele ya jeneza, akasema maiti haipiti mpaka aletewe jogoo. Alipoletewa akainuka, akatembea akichechemea vile vile alivyokuwa akichechemea baba. Mimi niliyekuwa nimekauka machozi tangu alfajiri nikacheka, na baada ya kucheka ndipo nikalia. Ndugu zangu wa tumbo moja hawakuweza kunifanyia hivyo. Nilimpenda kwa jambo lile, na sikuwahi kumwambia.

Sasa gari. Ni la spoti, milango miwili, limekaa chini, lina tabo ya kuipa injini nguvu, na naliendesha kila siku ya Mungu kwenda kazini Tegeta kwenye duka la dawa na kurudi. Watu husema gari kama lile si la kuendea kazini. Waseme. Rejeta lake la asili lilipopasuka ubavuni, mtani alilichungulia ndani akaniambia mharibifu ni mimi. Nilikuwa nikilijaza maji ya kisima cha nyumbani, na visima vyetu huku pwani vina chumvi. "Mtani, umelipikia mchuzi hili gari," akasema. "Limebaki kutiwa nazi."

Tukaenda wote Kariakoo kutafuta jingine. Muuza spea akatuwekea matatu mezani. La kwanza mtumba kutoka Japani, limechoka. La pili jipya la kawaida, ubavu wa plastiki, unene ule ule wa lile la zamani, halina sura. La tatu lilikuwa aluminiamu tupu, nene mara mbili, linang'aa mpaka unajiona meno. "Hili la mashindano, dada," akasema muuzaji. Basi mimi nikawa nimekwisha.

Mtani alilipima lile nene kwa kidole, akatikisa kichwa. "Chukua hili la plastiki. Hilo nene litakula nafasi ya feni. Itabidi nizitoe feni zako mbili niweke kajifeni kamoja kembamba. Ukiwa mbio upepo utakusaidia, lakini kwenye foleni ya Bunju nani atalipepea? Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi."

"Mpagazi anajua nini habari ya mashindano?" nikamwambia.

"Haya, nunua. Nitakuja kula ubwabwa wa msiba wako."

Nikacheka. Hapo ndipo nilipokosea, na nadhani ni kosa ambalo mtu asiye na mtani hawezi kulifanya. Miaka yote ile kila kilichotoka kinywani mwake kilikuwa mzaha, basi nami nikaliweka na hilo kwenye fungu la mizaha. Nikanunua lile linalong'aa. Akalifunga kwa shingo upande, akatia kulanti, yale maji ya dawa ya rejeta, akanikataza maji ya kisima.

Wiki mbili niliringa. Barabara ikiwa nyeupe kati ya Mapinga na nyumbani, mshale wa joto ulikaa chini kabisa. Nilipita gereji kwake makusudi, nikapiga honi, nikamwuliza kama ubwabwa umeshaiva. Alicheka na yeye.

Kisha ikaja siku ya foleni, nikitoka kazini. Lori lilikuwa limelala barabarani Bunju, na magari yalisimama saa nzima chini ya jua la saa tisa. Mshale ukapanda. Nikazima kiyoyozi, ukapanda. Nikafungua vioo, ukapanda. Wa nyuma yangu akanipigia honi, nikashuka nikampiga teke mlangoni mpaka ukabonyea, na yeye akashuka, tukashikana mashati, watu wakatuamua. Njia ilipofunguka sikusimama kusubiri lipoe, ingawa mtoto wa darasa la pili angejua kusimama. Nilikanyaga mafuta mpaka Bagamoyo, na kila kilometa nilikuwa na uhakika zaidi kwamba mtani ndiye aliyelifunga vibaya. Tena kwa makusudi, ili aonekane alisema kweli.

Nikaingia gerejini na moshi mweupe unatoka kwenye boneti. Akatoka akijifuta mikono.

"Karibu mtani. Leo umetuletea chai?"

Nikampiga kofi. Si kofi la mchezo. Lilimgeuza uso, na mafundi wenzake wawili wakaacha kazi wakatutazama. Yeye akasimama ameshika shavu, na nikaona anangoja nicheke, ili kofi lile liingie kwenye utani na yeye apate kunitoza kuku wake, yaishe. Aliniachia mlango wazi kabisa. Kucheka tu. Ningecheka, leo nisingekuwa naandika haya.

Badala yake nikafungua boneti, nikanyakua tambara juu ya meza ya vyuma. "Maji yamo, njoo uone! Wewe ndiye umeniharibia!"

"Usifungue, mtani. Mtani, acha, linachemka."

Nikashika kifuniko cha rejeta, nikakizungusha. Akaruka, akanisukuma kwa bega, na kifuniko kikafyatuka. Maji yaliyonikusudia mimi yakampiga yeye usoni. Sitaki kuieleza sauti aliyotoa. Ngozi ya shavu ilikuja na mkono wake alipojishika, na mimi nimekaa chini kwenye oili nimeungua kiganja tu, nimeshika tambara. Wenzake wakampakia kwenye bajaji. Nilipotaka kupanda, mmoja akanisukuma kifuani akaniambia nimeshafanya ya kutosha. Nilistahili na zaidi.

Alilazwa muda mrefu. Nilikwenda kila siku, mkewe akipokea chakula mlangoni bila kunialika ndani. Aliporudi nyumbani mama alinichukua tukaenda na jogoo wawili na mchele, faini ya mtu aliyemnunia mtani, na mimi nikapiga magoti mbele yake. Alipokea vyote. Akamwamkia mama shikamoo, akamwuliza hali ya mgongo wake. Kwangu akasema tu, "Yameshapita." Nikaenda nyumbani nimefurahi kama mjinga.

Alipoanza tena kazi nikampelekea gari. Alitoa lile la mashindano, akafunga la plastiki, akarudisha feni mbili mahali pake. Alikuwa anainamisha kichwa upande ili aone kwa jicho zima. Nilikaa kwenye tairi kuukuu tangu asubuhi nikitafuta la kumwambia. Mwishowe nikatoa lile la siku zote.

"Mpagazi we, nani kakutua mzigo?"

Nilikuwa namwomba anitukane. Aniite mvivu, aniite mcheza ngoma, amtukane marehemu baba yangu kaburini, chochote.

Alifunga boneti taratibu, akafuta alama ya kidole chake kwenye rangi, akanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili.

"Gari liko tayari, dada," akasema. "Samahani kwa kukuchelewesha."