Tulipomtafuta Remix

Papa yangu aliuita muziki wa friji. Yeye alikuwa mtu wa gitaa, mtu wa kufumba macho solo inapoanza na kutoyafumbua mpaka imalizike, na kila aliposikia redioni ule mdundo wa mashine, tik-tak, tik-tak, bila jasho la mpiga ngoma yeyote, alipaza sauti kutoka barazani: "We mutoto, funga ile friji!" Nilifunga, lakini kwa hasira, nikikizungusha kitufe kama vile ndicho kilichonikosea. Nilikuwa nimeshanaswa. Sikujua sauti zile zilitoka kwenye chombo gani, wala waimbaji walisema nini, lakini zikianza tu, nywele za mikono zilinisimama. Nilipenda hasa kwamba hazikufanana na kitu chochote nilichokuwa nacho nyumbani.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini, chama kilikuwa kimoja, na kila mtu mzima aliitwa citoyen au citoyenne, yaani raia, utake usitake. Jumamosi tulifyeka majani kando ya barabara, kazi ya lazima iliyoitwa salongo. Jumapili, misa ikishakwisha, mimi na mama tulitoka kwetu, commune ya Kisangani, tukavuka mto kwenda Lubunga, na huko ndiko maisha yangu yalikoanzia kila wiki, kwa sababu huko ndiko alikokaa Tonton.

Tonton alikuwa mdogo wake mama, karani wa mizigo pale reli. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili katika kambi ya wafanyakazi, umeme uliokuja ulipotaka, na pikapu. Pikapu ndivyo tulivyoiita ile mashine ya kuchezesha santuri, na yake ilikuwa na kifuniko cha plastiki alichokipangusa mara nyingi kuliko alivyopangusa viatu vyake. Rafiki yake mmoja alikuwa mpishi kwenye meli ya Kinshasa. Kila meli ilipopanda mto, mpishi huyo alishuka na samaki wa kukaushwa kwa ajili ya watu wengine na santuri kwa ajili ya Tonton. Hakujua lolote juu ya muziki. Aliingia dukani Kinshasa akasema, nipe kitu kipya, basi.

Tulikuwa na utaratibu wetu, mimi na Tonton. Santuri mpya haikusikilizwa na majirani kwanza. Tulifunga mlango, tukaiondoa kwenye ganda lake, tukainusa, naam, tukainusa, halafu tukakaa sakafuni mbele ya spika bila kusema neno hadi mwisho. Ikiwa mbaya, Tonton alisema "bon", akaenda kunawa mikono. Ikiwa nzuri, alifungua dirisha akapiga kelele kwa Kilingala, "Ya sika!", yaani mpya imefika, na kambi nzima ikajua kwamba mchana huo hakuna atakayelala.

Siku moja mpishi alileta santuri ambayo hatujawahi kuona mfano wake. Ilikuwa kubwa, ukubwa uleule wa zile zenye nyimbo nyingi, lakini kila upande ulikuwa na wimbo mmoja tu. Ganda lake lilikuwa jeusi tupu, tundu katikati, hakuna picha ya mtu. Tonton aliigeuza huku na huku.

"Hii batu banapenda kuharibu plastique," alisema. "Wimbo moja kwa nafasi yote hii?"

Akaiweka. Na hapo, jamani, sijui niseme nini. Mdundo ulikuja polepole, mzito, unavuta miguu. Vinanda vya umeme vilitambaa chini kabisa. Kisha akaanza kuimba mwanamume mwenye sauti ya ndani mno, anayeburuta kila neno, mtu mwenye huzuni zote za dunia ambaye hata hivyo hana haraka. Nilimtazama Tonton, naye alikuwa amefumba macho kama papa yangu. Wimbo ulipokwisha hakusema "bon". Alirudisha sindano mwanzo. Tulisikiliza mpaka mama akagonga mlango kuuliza kama tumekufa.

"Nani njo anaimba?" niliuliza.

Tonton alisogeza santuri dirishani, akasoma yale maandishi madogo ya Kiingereza. Jina la wimbo lilikuwa refu na halikumwambia kitu. Lakini mwishoni, peke yake, kulikuwa na neno fupi ambalo mtu angeweza kulitamka.

"Rémix," alisema kwa heshima. "Anaitwa Rémix."

Kuanzia hapo tulimtafuta Remix kwa nguvu zetu zote. Wimbo wake ulivuka mto ndani ya kaseti, Tonton akipiga kopi kwa kila aliyeleta kaseti tupu, na haikuchukua muda ukawa unasikika katika baa za ng'ambo ya pili, kwenye maharusi, hata kwa kinyozi wa karibu na kwetu. Ulichezwa na wawili wawili, kifua kwa kifua, kwa hatua ndogo za kuteleza pembeni, na vijana walivumbua namna ya kuzungusha bega moja taratibu ambayo mama alisema ni dhambi. Kila mmoja alikuwa na habari zake juu ya mwimbaji. Wengine walisema ni Mmarekani mweusi. Tonton alishikilia kwamba ni mtu wa kwetu, wa upande wa Isangi, aliyepotelea Ulaya, kwa sababu mzungu hawezi kuwa na kifua kama kile. Alimtuma mpishi: "Niletee ingine ya Rémix, yoyote." Mpishi akaleta, maskini, na kweli ziliandikwa Remix, lakini kila moja ilikuwa na sauti nyingine, na vinanda vingine, na lugha nyingine. Tulikaa sakafuni tumechanganyikiwa.

"Huyu mutu," alisema Tonton mwishowe, "iko na akili mingi sana."

Sasa nieleze jambo ambalo Tonton alilitaka kuliko santuri zote. Alimpenda mwalimu mmoja wa shule ya msingi, msichana wa familia iliyotoka Maniema, mrefu, mwenye kicheko cha kukatika katikati. Walikutana katika wimbo ule. Namaanisha hivyo hasa: alikuja na rafiki zake kwenye boum, dansi yetu ya Jumapili mchana, santuri ikawekwa, Tonton akavuka sebule akamnyooshea mkono, na hawakuachana hata upande wa pili ulipogeuzwa. Wazee wetu walikwenda kwao kuposa. Wakapokewa vizuri, wakalishwa lituma ya ndizi za kupondwa na samaki, na wakajibiwa neno moja: baba wa binti alishafariki, kwa hiyo tumngoje kaka yake mkubwa. Kaka huyo alikuwa akisoma Bruxelles, Ubelgiji.

Tonton alingoja. Alikonda. Alisikia kwamba kaka amesema katika barua, huyo karani wa reli ni mtu wa aina gani, na mama wa binti akajibu, ni mtu wa santuri. Jibu hilo lilimuumiza, maana halikuwa uongo. Kaka alipofika likizo, Tonton aliamua kwamba kama ni santuri, basi ziwe santuri kweli. Alimwalika kwenye boum Lubunga.

Nilimchukia toka nilipomwona anashuka kivukoni. Alivaa abakosti mpya, lile koti la enzi ya chama lisilovaliwa na tai, kola imesimama, na kwa kuwa alikuwa ametoka Ulaya juzi tu na aliogopa kukosea, alimwita kila mtu citoyen. Citoyen kwa mpiga kasia, citoyenne kwa mama yangu, citoyenne hata kwangu mimi niliyekuwa na karanga mdomoni. Tonton alimnyooshea mikono miwili. "Bonjour, citoyen," kaka alijibu, baridi, akakaa kwenye kiti kilichokuwa kimewekewa kitambaa.

Sebule ilijaa. Umeme ulikuwepo, tuliushukuru. Tonton alianza na rumba kwa ajili ya wazee, kisha vitu vya mashine, na kaka alikaa na chupa yake ya bia bila kutikisa hata kidole cha mguu. Mwalimu alikuwa amekaa karibu yake, akimtazama yeye, akimtazama Tonton, akitazama mikono yake mwenyewe. Ndipo Tonton akatoa ganda jeusi. Watu wakapiga makofi kabla hajaweka sindano.

Wimbo ulianza. Wawili wawili wakainuka. Nikamwona kaka akikunja uso. Alisikiliza kidogo, akaweka chupa chini, akainuka, akapita katikati ya wachezaji hadi kwenye pikapu, akainama juu yake.

"Citoyen," alisema, "hii unapiga vitesse gani?"

"Trente-trois," alisema Tonton, yaani mizunguko thelathini na tatu kwa dakika.

"Juu ya nini, sababu gani?"

"Disque mukubwa, trente-trois. Disque mudogo, quarante-cinq. Njo hivi dunia yote, citoyen."

Kaka hakubishana. Alinyoosha kidole, akasukuma kile kijiti cha mwendo hadi arobaini na tano.

Sauti ilipanda. Ilipanda mbele yetu sote, kutoka kifuani hadi kooni hadi puani, na yule mwanamume wa Isangi mwenye huzuni za dunia akageuka mwanamke. Mwanamke kijana, mchangamfu, anayeimba mbiombio juu ya mdundo wa kurukaruka. Wachezaji walisimama kama walivyo, wameshikana, hawajui waweke wapi miguu. Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikaenea sebule nzima.

Mimi sikucheka. Nilitamani kumpiga yule kaka kwa chupa yake. Tonton alisimama ameshika kifuniko cha plastiki kifuani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona meli inaondoka na mizigo yake.

"Na Rémix?" aliuliza taratibu. "Huyu Rémix iko mwanamuke?"

Hapo kaka alishindwa kujizuia, akacheka pia, lakini alijitahidi kueleza. Remix si mtu, alisema. Ni kazi. Mtu anachukua wimbo wa mwenzake, anaubadilisha, anaongeza hapa, anapunguza pale, anaurefusha ili watu wa dansi wapate kushiba. Yule aliyebadilisha ndiye aliyefanya remix. Studio za kule hazifanyi kitu kingine siku hizi.

Tonton alifikiri. Nilimjua anapofikiri, alisugua kidevu kwa kidole gumba.

"Donc," alisema, "mutu anakamata wimbo ya mwenzake. Anaibadirisha mwendo. Batu banapenda, banacheza. Njo Rémix?"

"Njo ile."

"Alors, citoyen, tulimutafuta mbali bure. Rémix iko mimi."

Kicheko cha safari hii kilikuwa kingine kabisa. Hata wazee waliokuja kwa ajili ya rumba walipiga magoti yao. Kabla hakijatulia, yule mwalimu aliinuka, akaenda kwenye pikapu. Alikuwa hajawahi kuigusa, kwa sababu hakuna aliyeigusa pikapu ya Tonton bila ruhusa. Alirudisha kijiti kwenye thelathini na tatu, akarudisha sindano mwanzo.

"Ile ya Bruxelles iko muzuri," alimwambia kaka yake. "Lakini mimi minataka yetu."

Na akamshika Tonton mkono mbele ya kaka yake mkubwa, mbele ya mama yangu, mbele ya kambi nzima ya reli, wakacheza. Hatua zilezile za kuteleza pembeni. Nilitazama na nilikuwa na furaha iliyochanganyika na woga, kwa sababu sote tulielewa kwamba neno lililongojwa kwa muda wote ule lilikuwa ndani ya mdomo wa mtu aliyesimama kando ya spika na abakosti yake iliyonyooka. Alisikiliza wimbo wote. Mahali fulani katikati alifungua kitufe cha kola. Karibu na mwisho, bega lake moja lilizunguka, taratibu, nadhani bila yeye mwenyewe kujua.

Sindano ilipofika kwenye ukimya, alimwendea Tonton. Alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeomba chumvi mezani:

"Shemeki, utanipigia hii kwa kaseti. Kule Bruxelles habana nayo."

Hakusema citoyen, alisema shemeki, yaani shemeji. Mwalimu alikuwa wa kwanza kusikia, akajifunika uso kwa viganja. Kisha mama yangu akapiga vigelegele, na wanawake wote wakampokea, na nje watoto wakaanza kushangilia bila kujua ni kwa ajili ya nini. Tonton, ambaye hakukosa neno maishani mwake, alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati akitafuta kaseti tupu, machozi yanamtiririka, anasema tu, "Ndiyo, shemeki. Sasa hivi, shemeki. Sasa hivi."