Mabega ya Cecilia

Wifi yangu Cecilia, mdogo wa mume wangu, alipiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, kwa miaka kumi na tisa. Sijamwona mwanamke mwingine hapa Msalato aliyeibana ngoma mapajani akaitoa sauti kama yeye. Nasema hivyo ingawa hatupatani sana. Ni mjuaji, na mimi sipendi wajuaji.

Mwezi wa tano alikuwa juu ya kichanja akipanga masuke ya mtama, akateleza, akaangukia mkono wa kulia. Kifundo kikavunjika. Hospitali walimfunga hogo la plasta la wiki sita, kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Sikukuu ya mavuno kanisani ilikuwa mwisho wa mwezi wa saba, na kikundi chetu cha wanawake kinaongozwa na ngoma moja kubwa, ambayo mpigaji wake alikuwa yeye. Maumivu hayakumtisha. Alichoogopa ni kwamba kwetu mwanamke akishaiachia ngoma ya kuongoza ikapigwa na mwingine sikukuuni, harudishiwi tena.

Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali, bwana Anyitike, alimweleza kwamba mkono ukilala tu, bega nalo hunyong'onyea. Basi aning'inize mfuko wa mchanga juu ya kiwiko, aunyanyue mara thelathini asubuhi na jioni. Asimame ukutani ausukume kwa viwiko. Na vidole avifumbe na kuvifumbua kila saa.

Mchanga aliunyanyua kweli. Ukipita kwake asubuhi unamkuta uani, jasho linamtoka, anahesabu kwa sauti. Sisi wenzake tulimcheka, tukamwita askari.

Vidole ndivyo vilivyomponza, na hapo kosa ni langu. Vilikuwa vimevimba, akivikunja vinamuuma, akaniuliza afanyeje. Nikamwambia kile ambacho kila mpiga muheme anakijua: ngozi ikilegea huigusi, unaisogeza motoni mpaka ikaze ndipo uipige, maana ukiipiga ikiwa baridi unaiharibu. Basi na vidole avilaze, avipe joto, hogo likitoka vitaamka vyenyewe. Mjuaji yule akaniamini, mara ya kwanza tangu niolewe. Akavifunga kwa kipande cha kanga, na kila alipopika alivisogeza karibu na mafiga. Nilifurahi kusikilizwa. Naona aibu kusema hivyo, lakini nilifurahi.

Siku ya kukata hogo nilimsindikiza. Anyitike alimshika bega, akamsifu kwamba wagonjwa wachache hurudi na mkono wa juu ulio imara hivyo. Kisha akamwambia akunje ngumi. Vidole vilifika nusu, vikagoma. Akamuuliza kama alivifanyisha mazoezi.

Cecilia alinitazama. Halafu akajibu kwamba alisahau.

Anyitike akasema itachukua miezi mingi, na huenda visirudi vyote. Hata hivyo Cecilia alijaribu kupiga kwa wiki mbili nzima. Mkono ulishuka kwa nguvu zake zote za zamani, lakini kiganja kilitua kama ubao, na ngoma ikatoa mlio mmoja tu, mkavu, usio na majibu. Wenzetu walikuwa wakiinamisha macho. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Siku tatu kabla ya sikukuu aliita kikundi kizima uani kwake, akamwita mbele Debora, aliyekuwa akipiga ngoma ya pili.

"Chukua," alimwambia. "Bana magoti, na usiikimbize."

Asubuhi ya sikukuu ngoma ilitakiwa kupandishwa kanisani, juu kilimani, na ule mlima si mchezo. Debora ni mwembamba, alipoinyanyua tu akayumba. Cecilia alikuja akaipokea, akaitupia begani, akatangulia. Nilimkimbilia nikashika upande mmoja nimsaidie.

"Niache, wifi," alisema. "Mabega ninayo."

Nikaachia. Nilimfuata nyuma mpaka mlangoni mwa kanisa, na msamaha sijamwomba mpaka leo.