Kwandu Mbele ya Baba Mkwe

Tangu aolewe, Kwandu hakuwahi kumpinga baba mkwe wake ana kwa ana. Kwa Wasukuma, mke wa mtoto humsalimu mkwewe kwa kupiga magoti, macho chini. Heshima si utumwa, watu husema. Ndivyo wasemavyo.

Yeye na mumewe, Luhende, walifyeka pori nje ya Bariadi wakapata shamba la pamba. Enzi za ushirika hakuna aliyelitolea macho. Kisha biashara ikafunguliwa, wanunuzi binafsi wakamiminika na mizani zao, na ghafla ardhi ikapata wenyewe. Luhende alipofariki, baba yake, Mzee Machibya, akaenda mahakama ya mwanzo kudai shamba.

Siku ya kesi mzee akadanganya mchana kweupe, kwamba pori lile alilifyeka yeye. Hakimu akamgeukia Kwandu.

"Mama, una la kumjibu?"

Alikuwa na ya kujibu, tena tele. Lakini angeanzaje kumwita mkwewe mwongo mbele za watu, naye amekaa palepale? Akainama.

"Baba akishasema, mheshimiwa, mimi niseme nini?"

Hakimu, mgeni wa mila za huko, akaandika kwamba mjane amekiri. Jamani! Adabu ya mtu ikageuzwa ushahidi wa kumnyang'anya.

Masika yalikuwa yamepita ndipo Felisita, mwanasheria wa shirika la Mwanza linalosaidia maskini bure, alipofika Bariadi. Kwandu akamfuata kwa miguu. Felisita akasoma hukumu, akashusha pumzi. Muda wa rufaa ulikwisha, na shamba lilikwishauzwa. Angeomba waongezewe muda, lakini hakutaka kumdanganya: matumaini yalikuwa madogo mno.

"Mayu," akamwita mama kwa Kisukuma, "siku ile ulitaka kusema nini?"

Mle chumbani mwa Felisita hamkuwa na mkwe. Kwandu akainua uso, akasema. Akataja visiki walivyong'oa, mimba iliyomharibikia jembe likiwa mkononi, majirani walioona yote, na mzee ambaye miaka ile alikuwa akichunga ng'ombe wake Meatu, hata pori lenyewe halijui. Hakukwama popote. Felisita akaacha kuandika, machozi yakimtoka.

"Nimesema vizuri?" Kwandu akauliza.

"Vizuri sana, mayu."

"Basi niitie hakimu."