Mama Mkubwa Mwaisha na Msiba wa Kingolwira

Ahmadi alikuwa na miaka tisa siku alipomwona Mama Mkubwa Mwaisha kwa mara ya kwanza. Yeye na mama yake walikuwa wametoka Turiani, wakapanda milima hadi Kinole, wakamkuta dada mtu ameshika jogoo miguu, kichwa chini, akimsomea mwenye jogoo kasoro zake moja moja. Alipomaliza akamgeukia mtoto, akamkagua vilevile.

"Huyu naye haongei?"

"Ana aibu, dada."

"Aibu haina ubaya. Ila haimnunulii mtu chumvi."

Miaka thelathini na sita ikapita, na Ahmadi bado alikuwa haongei. Alikuwa mlinzi wa ghala la mahindi mjini Morogoro, kazi iliyomfaa sana, maana magunia hayasalimii. Sasa ghala lilikuwa limeuzwa. Mwisho wa mwezi alitakiwa atoke, na chumba alichokuwa akilala kilikuwa cha ghala hilohilo. Kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Mama yake, aliyerudi kuishi Kinole uzeeni, alikuwa amekwisha kufariki, na kule neno la mashamba ya ukoo lilikuwa la Mama Mkubwa. Hata wajomba walimsikiliza yeye. Kilichobaki ni kuomba tu. Mara tatu Ahmadi alipiga simu. Mara tatu alitoa shikamoo, akauliza hali ya migomba, akaambiwa migomba haijambo, akaaga.

Kwa hiyo Mama Mkubwa aliposhuka mjini kununua vitu vya kumtoa mwali, mjukuu wake, Ahmadi alijiapiza: leo ataomba, kabla mama huyu hajapanda gari la kurudi.

Kwenye duka la kanga alifungua kinywa. "Mama Mkubwa, nilikuwa nataka..."

"Nyekundu? Nyekundu inachuja. Shika hili beseni."

Kwenye masufuria alijaribu tena, akakatizwa na kelele za kugonga, kwa kuwa Mama Mkubwa hanunui sufuria bila kulisikiliza. Ilipofika saa sita mchana beseni lilikuwa kichwani kwa Ahmadi, limejaa kanga, vikombe na kopo la mafuta, na ombi lake lilikuwa bado tumboni.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mmoja aliyejifunga kanga kiunoni, mikono yake yote miwili imebeba kabichi. Alikuwa Josephina, binti wa Mzee Alois wa Kingolwira.

"Shikamoo, Mama Mwaisha. Mungu kakuleta."

"Marahaba. Kabichi zote hizo mna ng'ombe?"

"Tuna msiba. Baba hatunaye tangu juzi."

"Alois kafa bila kuniaga? Ndiyo tabia yake."

Josephina alicheka huku machozi yakimtoka, kwa sababu ukoo wa Mama Mkubwa na ukoo wa Alois ni watani, na maneno kama hayo ndiyo aliyokuwa akiyatafuta tangu asubuhi. Watani waliotarajiwa walikuwa wamekwama njiani, barabara ya Mgeta imekatwa na mvua. Kaburi lilikuwa tayari, katekista alikuwa tayari, na marehemu, kwa namna yake, alikuwa tayari. Lakini wazee walikuwa wamegoma: bila mtani kufanya kazi yake, Alois hazikwi.

"Ahmadi, ita bajaji," alisema Mama Mkubwa.

Njia nzima Ahmadi alijifariji kwamba kazi yake itakuwa kulinda beseni. Walipofika kaburini Mama Mkubwa alichungulia shimo, akatikisa kichwa.

"Magoti yangu hayashuki humu. Nikiingia mtanifukia na mimi, mpate faida. Ahmadi, ingia wewe."

"Mimi, Mama Mkubwa?"

"Yuko Ahmadi mwingine? Ingia, ukatae kutoka mpaka wakupe kitu."

Watu walikuwa zaidi ya mia, na wote walimtazama. Mikaeli, katekista, aliitazama saa yake. Ahmadi alitua beseni, akavua kandambili, akateremka. Mle ndani palikuwa na ubaridi mzuri. Alipoinua macho hakuona uso wa mtu hata mmoja. Aliona viatu tu, vimejipanga ukingoni. Viatu havitishi.

"Sitoki," alisema.

"Sauti," alisema mzee mmoja juu.

"Sitoki. Alois atafute pengine. Mimi mwisho wa mwezi sina pa kulala, na shamba naogopa kuliomba. Hapa nimepata kiwanja kimeshachimbwa, hakina mgogoro, na majirani hawapigi muziki."

Kicheko kilianzia kwa wazee, kikafika hadi kwa mjane.

"Mpeni kuku atoke!"

"Kuku simtaki. Nipeni pa kulima."

"Mtani huyu ana tamaa," alisema mtu, nao wakazidi kucheka.

Katika maisha yake Ahmadi hakuwahi kusema maneno mengi kiasi kile mbele za watu. Yote yalikuwa kweli tupu, na hakuna aliyeamini hata moja. Walimtupia doti ya kanga, wakamwonyesha jogoo, wakamvuta mikono akatoka, na Mzee Alois akazikwa kwa heshima zake zote. Mzee mmoja alimpa mkono.

"Umetufuta machozi, bwana. Uongo mtamu namna ile unautoa wapi?"

Jogoo alichukuliwa na Mama Mkubwa, kwa maelezo kwamba jogoo ni mali ya ukoo.

Jioni, stendi, Ahmadi alipakia mizigo, akasimama chini ya dirisha la gari. Sasa kulikuwa na uso tena, na ulimi wake ukarudi ulikokuwa.

"Mama Mkubwa, yale niliyoyasema kule..."

"Ehe?"

"Basi tu. Ulikuwa utani."

Dereva aliwasha gari. Mama Mkubwa alimkalisha jogoo vizuri mapajani, akatoa kichwa dirishani. Ahmadi hakujua kwamba anasikiliza maneno ya mwisho. Siku ya tisa presha ilimwangusha mama yule jikoni kwake, na Ahmadi alipopanda Kinole kwenda kumzika, aliwakuta wajomba wamekwisha kuambiwa habari zake na za shamba, na aliyewaambia ni marehemu mwenyewe. Lakini jioni ile pale stendi, gari likianza kusogea, Mama Mkubwa alisema kwa sauti ambayo stendi nzima iliisikia:

"Bonde la chini ya nyumba ya mama yako halilimwi mwaka wa nne huu. Nilikuwa nangoja uniombe, wewe umekwenda kumwomba maiti. Njoo na jembe lako. Langu simwazimi mtu."