Sidii Chini ya Kawa

Wiki iliyopita tulihamisha kabati la marehemu bibi, pale mtaani kwetu Kuze, ili nyumba ipakwe rangi kabla ya Ramadhani. Nyuma ya vikombe vya kahawa nilikuta sidii ya gemu, haina kasha, imefungwa kwa kipande cha leso. Nikakaa sakafuni. Fundi wa rangi akaniuliza kama nimeumwa na nge.

Kama umri wetu ni mmoja, utakumbuka. Miaka ile mashine za gemu zilizokuwa na jina ni mbili tu, na watoto wa mtaa waligawanyika kwa ajili yake. Kwetu tulikuwa na ya kaseti, aliyoileta mjomba kutoka Uarabuni. Kwa shoga yangu, nyumba inayotazamana na yetu, walikuwa na ya sidii. Kichochoro kilichotutenga ni chembamba hivi kwamba dirisha na dirisha tulipeana vitu mkono kwa mkono.

Yetu, wallahi, ilikuwa shujaa. Siku moja iliporomoka ngazi yote mpaka ukumbini, tukaichomeka, ikawaka. Ukitia kaseti gemu inaanza papo hapo, na wanacheza watoto wanne pamoja, jambo kubwa kwa nyumba iliyojaa binamu. Ikigoma, unaitoa kaseti, unaipuliza, unairudisha. Ya kwao ilikuwa bibi harusi, haitoki mpaka ingojewe. Unaweka sidii, inanguruma, unaangalia dari. Lakini ikishatoka, subhanallah, picha kama sinema, na muziki ambao hadi leo nauimba nikiosha vyombo. Hata ilipozeeka ikawa haisomi mpaka igeuzwe kichwa chini, tuliigeuza, tukaendelea kuipenda. Leo naweza kuzisifu zote mbili. Wakati ule ningekufa kabla ya kuisifu ya kwao.

Ramadhani moja tulikuwa tukicheza baada ya alasiri ili tuisahau njaa, na chini jikoni bibi anakaanga kaimati. Ubishi ukaanza. Shoga yangu akasema picha zetu ni za watoto wanaonyonya. Watoto wakacheka. Nami kwa hasira nikasema yao ni mtumba, babake hakuweza kununua mpya. Babake alikuwa ameachishwa kazi bandarini, na kila mtu alijua. Shoga yangu akainuka. Akaenda kwao, akafunga dirisha, na siku nne halikufunguliwa.

Siku hizo nne niliishiwa na raha. Niliicheza mashine peke yangu, na ule ushujaa wake wote sikuuona. Huku nina wasiwasi mwingine wa kitoto, kwamba nikipuliza kaseti vumbi litaniingia kinywani na saumu yangu itaharibika. Nikamuuliza mwalimu wa madrasa. Hakucheka.

"Kupuliza hakufunguzi," alisema. "Na ulimi wako je, wafunga?"

Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Bibi akanipa sahani ya kaimati niipeleke kwao shoga yangu, maana Ramadhani sahani za mtaa wetu hazitulii, zinavuka huku na huku, na sahani ya mtu hairudi tupu. Sikuwa na maneno ya kumwomba radhi. Nikaichukua kaseti yangu niliyoipenda kuliko zote, nikaitia pembeni ya kaimati, nikafunika kwa kawa, kile kifuniko cha ukindu. Nikamkabidhi mamake mlangoni, nikakimbia. Nilijua haiingii katika mashine yao.

Kabla ya adhana dirisha likafunguka. Sahani ikaja na sambusa, na chini ya kawa kulikuwa na sidii. Nayo kwetu haikuwa na kazi. Bibi akaitazama, akaelewa kila kitu.

"Sasa kila mmoja ana cha mwenzake," alisema. "Mtateza vipi, kama si pamoja?"

Ikawa ndiyo desturi yetu. Nikitaka ya kwao, naipeleka sidii. Akitaka ya kwetu, anakuja na kaseti. Hakuna aliyeweza kucheza gemu aipendayo bila ya mwenzake. Hata babake alipopata kazi ng'ambo na wakahama, nilitaka kumrudishia shoga yangu sidii yake, akanifumba kiganja.

"Weka. N'kija, tutateza."

Nyumba yao sasa ni ya wageni, na dirisha lile limezibwa na mashine ya baridi. Wanangu wanacheza kwenye simu na watu wasiowajua hata kwa sura, na sahani zinazovuka kichochoro zimekuwa chache. Bibi hayupo. Mashine yetu ilikwenda na vyuma chakavu. Sijui shoga yangu yuko mji gani, na nina hamu naye mno.

Niliifuta sidii, nikaipuliza, ingawa sidii haipulizwi. Fundi akauliza kama aitupe pamoja na takataka nyingine.

"La," nikamwambia. "Ya watu hiyo. Mwenyewe yuwaja."