Noti ya Juu

Kikundi kimoja cha maigizo mjini Kisumu kilipotangaza mchujo wa waimbaji wa igizo jipya la muziki, nilikuwa nauza dawa katika duka moja pale Mamboleo na kuimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa. Kila aliyetaka nafasi aliambiwa aje na nyimbo mbili: mmoja wa jukwaani kwa lugha yoyote, na mwingine wa kale, wa lugha ya kigeni. Wa kwanza nilikuwa nao. Wa pili sikuwa na hata pa kuanzia.

Nilimjua mtu mmoja tu wa kunisaidia. Alikuwa mwalimu wa muziki aliyestaafu, anaishi na mkewe Katito, nyuma ya soko. Alikuwa ameifundisha kwaya yetu kwa miaka mingi, na sote tulimwita Mwalimu. Alinichagulia wimbo wa Kiitaliano wa mwanamke anayemngoja mtu asiyekuja, akanifundisha neno moja baada ya jingine.

Shida yetu ya kwanza ilikuwa ulimi wangu. Wazazi wangu walihamia Kisumu kutoka Kiambu, wakauza viazi maisha yao yote, na nyumbani kwetu R na L hubadilishana viti zipendavyo. Kuna neno *dolore*, yaani uchungu. Mimi nilisema *dorore*.

"Ulimi," Mwalimu alikuwa akisema, akinikazia macho mdomoni. "Upeleke nyuma ya meno. Tena."

Alipiga kinanda akiwa amenigeukia, vidole vinajiendea vyenyewe. Hakuna kosa la ulimi lililompita. Nikimaliza, aliitikia kwa kichwa. "Ber, nyathina," alisema. Vizuri, mwanangu. Nami nilirudi Mamboleo nikijua ninasonga mbele.

Wiki tatu kabla ya mchujo nilirekodi masomo mawili kwenye simu ili nifanye mazoezi dukani. Mchana, wateja walipopungua, niliingia stoo nikasikiliza la pili. Matamshi yalikuwa safi. Lakini wimbo ulipopanda kwenye noti yake ya juu kabisa, sauti yangu ilikuwa chini ya kinanda. Si sana. Kiasi cha kumfanya mtu akunje uso. Nilirudia. Nikadhani ni simu. Nikasikiliza rekodi ya somo la kabla yake, nikakuta kosa lilelile, na baada yake sauti ya Mwalimu: "Ber."

Mtu aliyefundisha kwaya miaka yote ile angewezaje kulipitisha kosa kama hilo? Jibu lilikuja, nikalikataa. Likarudi.

Somo lililofuata niliimba nikiwa na mpango, na mpango huo ulinitia jasho. Tulipofika kwenye noti ya juu, niliiangusha makusudi, chini kabisa, mahali ambapo hata mtoto angecheka. Mwalimu aliitikia kwa kichwa.

"Ber."

Mkewe alikuwa jikoni. Nilisikia sufuria ikitua.

"Mwalimu," nikasema, "hapo nimeimba vibaya. Nimefanya makusudi."

Alifunika kinanda polepole.

"Ulikuwa unanijaribu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mimi ni mzee wa kujaribiwa na wewe? Kwa nini hukuniuliza?"

Alisema, bila kunitazama, kwamba sauti za chini anazisikia vizuri. Za juu zilianza kuondoka kidogo kidogo. Kwanza mlio wa simu, halafu ndege wa asubuhi. Hakumwambia mtu. Mkewe alijua bila kuambiwa.

"Nenda nyumbani," akasema.

Nilikwenda. Siku zilizofuata niliuza dawa kama mtu aliye kwenye ndoto. Sikuwa na mpiga kinanda, wala noti ya juu, wala ujasiri wa kupiga simu. Nilishafikiria kuwaambia wale wa igizo wafute jina langu, mke wa Mwalimu aliponipigia.

"Mwalimu amesema ukuje kesho," alisema. "Ukuje na hiyo simu yako."

Nilipoingia tu, Mwalimu alisema, "Kidevu chako. Ukifika pale juu, kidevu kinapanda, koo linajifunga. Nilikiona tangu mwanzo. Nikanyamaza, kwa sababu sikuwa na hakika kama kuna kosa." Akafungua kinanda. "Mimi nitaangalia kidevu. Wewe sikiliza simu."

Tukafanya hivyo, jioni kwa jioni. Niliimba, nikarekodi, nikasikiliza, nikamwambia: bado iko chini. Tena. Iko karibu. Tena. Kuna siku nilitaka kumdanganya ili tupumzike. Nilimtazama usoni nikashindwa.

Siku ya mchujo tulikaa kwenye benchi nje ya ukumbi, mjini, karibu na ziwa. Aliyenitangulia alikuwa msichana mwenye sauti nyepesi, na noti yake ya juu ilipita ukutani kama si kitu.

Tulipoingia, Mwalimu alikaa kwenye kinanda chao. Mmoja wa waamuzi, mwanamke mwenye sauti nyembamba, aliuliza kutoka nyuma yake, "Mzee, mko tayari?"

Mwalimu hakugeuka. Yule mwamuzi akauliza tena. Waamuzi wakatazamana. Niliona jinsi wanavyomhesabu kuwa mtu wa kiburi, na sikuwa na ruhusa ya kusema ukweli. Nikasogea mbele yake, aone mdomo wangu.

"Mwalimu, wanauliza kama tuko tayari."

"Tuko tayari," akasema kwa sauti kubwa, akaanza.

Noti ya juu ilipokaribia nilifikiria kidevu tu. Nilianza chini yake kidogo, nikahisi hofu ikinivuta, kisha nikaiachia sauti, nayo ikapanda ikakaa mahali pake. Mwalimu hakuondoa macho usoni kwangu.

Nje, aliuliza, "Ilifika?"

"Ilifika, lakini nilichelewa kuishika."

"Sawa," akasema. Akatoa leso akafuta shingo, na hapo ndipo nilipoona jinsi alivyokuwa ametoka jasho.

Nafasi kubwa alipewa yule msichana. Mimi nilipewa nafasi ya shangazi. Nilisoma ujumbe huo dukani, nikaumia kwa muda wa kuhudumia wateja kadhaa, kisha nikampigia mke wa Mwalimu amwambie. Nilimsikia akipaza sauti, na Mwalimu akiuliza, "Shangazi wa nani?"

Mazoezi yalipoanza niligundua kwamba shangazi ana wimbo mmoja na maneno mengi sana ya kugombana. Nilibandika karatasi zake stoo, juu ya katoni za dawa ya kikohozi, nikaanza kuyakariri.